Kula Nje Katika Nchi ya Majani Chai: Mwongozo wa Vibanda vya Kericho na Bomet

Mgeni anayeshuka kwenye matatu Kericho akiwa na njaa hukosea mahali pamoja: anaketi, anaagiza, halafu ndipo anaanza kuuliza. Katika mabanda ya nje ya Kericho na Bomet, maswali ndiyo hutangulia. Nyama hupimwa ikiwa mbichi. Chai hupikwa sufuria nzima kabla hujafika. Maharagwe yaliwekwa motoni kungali giza, na mvua ina saa zake. Aliyeuliza mapema hula vizuri kwa bei ya kawaida. Asiyeuliza hula kilichobaki na kulipa alichoambiwa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayepita kuelekea Kisumu au Kisii, unayekwenda koito (sherehe ya posa) ya rafiki huko Bomet, au uliyehamishiwa kazi huku na bado hujajua ule wapi mchana.

Anza na mvua

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda hizi mchana, hupoa, na kugeuka mawingu. Ndiyo sababu asubuhi hung'aa jua na alasiri hunguruma radi, siku nyingi za mwaka. Hali hiyo ya hewa ndiyo iliyozivuta kampuni za chai huku miaka ya 1920. Kwako wewe mlaji, maana yake ni kwamba meza iliyo chini ya mti ni nzuri saa nne asubuhi, lakini saa tisa alasiri usiitegemee. Mvua ya mawe nayo ni jambo la kawaida hapa, na mawe yakigonga mabati hamtasikilizana hata mkipiga kelele.

1. Agiza nyama kati ya saa tano na saa sita. Utakuwa umemaliza kufikia saa nane, kabla mawingu hayajashuka.
2. Keti ndani kidogo ya paa, si ukingoni. Upepo huleta mvua kwa upande, na viti vya pembeni ndivyo hulowa kwanza.
3. Beba sweta hata kama jua linawaka. Ukiiona ni mzigo, mtazame mwenyeji: ana koti.
4. Ikiwa ulipotoka ni barabara ya udongo katikati ya mashamba, panga kuondoka mapema. Murram iliyolowa huwashinda madereva wazuri.

ONYO: jiko ndani ya turubai. Mvua ikizidi, wengine huteremsha turubai pande zote na kuingiza jiko la makaa ndani ili watu waote moto. Usikubali kuketi humo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia akidhani ni uchovu wa safari. Omba upande mmoja uachwe wazi, la sivyo hama meza.

Mwinuko una athari nyingine ambayo watu wa Mombasa na Kisumu huishangaa. Katika mita 2,000 maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100. Kwa hiyo maharagwe, githeri na matumbo huchukua muda mrefu zaidi kulainika. Usimwombe mama akupikie githeri upya. Uliza tu, "Mama, ni nini kilikuwa motoni tangu asubuhi?" Jibu lake ndiyo menyu ya siku.

Uende wapi

Kibanda cha mama ni cha mwenye haraka: chai, chapati, mandazi, maharagwe, ndengu, pengine matumbo na ugali. Unakula na kuondoka kabla dereva hajapiga honi. Bucha yenye jiko nyuma ni ya mwenye saa mbili za kupoteza. Hapo ndipo unapata nyama choma ya kweli, kwa sababu anayeiuza na anayeichoma wanajuana na wote wawili wanakutazama. Bustani za nyama zenye nyasi na bembea za watoto hujaa familia Jumamosi na Jumapili. Bei huwa juu kidogo, lakini unalipia paa na choo, na mimi sioni ubaya.

Chakula hubadilika kadiri unavyosafiri. Upande wa Kapsoit kuelekea Ahero utakutana na samaki wa ziwani, wa kukaanga au wa mchuzi, pamoja na omena. Kambi za mashamba ya chai zimekaliwa na Waluo, Wakisii na Waluhya pamoja na Wakipsigis kwa vizazi kadhaa, kwa hiyo sufuria moja sokoni inaweza kuwa na saga, managu, kunde au mrenda, na mpishi asikwambie chochote kuhusu asili yake. Barabara ya Sotik inapita Litein na Kapkatet, miji ya chai na maziwa, yenye bucha za kutosha. Ukiteremka kupita Bomet mjini kuelekea Longisa na Mulot, mpakani na Narok, majani chai hupungua na mifugo huongezeka. Kama lengo lako ni mbuzi, vumilia njaa ufike huko.

Zingatia pia Jumapili. Bomet ni nchi ya makanisa, na Africa Gospel Church ina mizizi mirefu pale tangu wamisionari wa kituo cha Tenwek. Vibanda vingi hufunguliwa ibada ikishakwisha. Tena usibebe bia yako kuingia hoteli ya familia bila kuuliza. Sehemu nyingi hawauzi pombe na hawapendi iletwe.

Kuagiza nyama choma, hatua kwa hatua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hazipotei kwa wizi. Hupotea kwa sababu unanunua nyama mbichi yenye mifupa na unakula nyama iliyokauka. Kilo moja ikikaa motoni hupoteza robo ya uzito au zaidi kwa maji na mafuta peke yake. Asiyelijua hilo huona sinia na kudhani ameibiwa.

1. Ione nyama ikining'inia. Tafuta muhuri wa mkaguzi kwenye upande wa nje wa mnofu. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Kikibaki kipande kisicho na muhuri, uliza mnyama alichinjwa lini na wapi. Muuzaji mwaminifu hujibu mara moja.
2. Chagua sehemu. Mbavu za mbuzi huiva upesi na mafuta yake huzilinda zisikauke. Paja lina mnofu mwingi lakini mchomaji mzembe hulifanya kama kuni. Bega liko katikati ya hayo mawili, na kwa watu watatu ndilo ninalolipendekeza. Nyama ya ng'ombe aliyezeeka usiichome kabisa. Iagize ya kukaanga yenye mchuzi.
3. Tazama mizani kabla nyama haijawekwa. Mshale uwe kwenye sifuri. Ikiwa kuna sinia au karatasi nzito juu yake, iondolewe au itolewe kwenye hesabu.
4. Maliza habari ya bei. Uliza mambo manne kwa pumzi moja: bei ya kilo, gharama ya kuchoma, bei ya ugali, na kama kachumbari ni ya bure. Mahali pengine yote yako ndani ya kilo, mahali pengine kila kimoja na bei yake.
5. Kadiria kiasi. Kilo moja yenye mifupa pamoja na ugali huwatosha watu wawili wenye njaa, au watatu waliokunywa chai njiani.
6. Sema unavyoitaka. "Laini" au "kavu" yatosha. Kuhusu chumvi, omba iletwe kando.
7. Uliza muda na uuamini. Mbuzi mzuri huhitaji dakika 45 hadi saa nzima. Ukimharakisha mchomaji ataongeza moto, na utaletewa kitu cheusi nje na chenye damu kwenye mfupa.
8. Jua kipande chako. Siku ya soko jiko moja hubeba nyama za wateja kumi. Keti unapoliona jiko, na ikiwezekana mwambie mchomaji akitie alama.
9. Ikatwe mbele yako. Ubao uwe umeoshwa na kisu kisiwe kile cha nyama mbichi. Mwambie aanze na sehemu nene karibu na mfupa. Ikiwa bado, irudi motoni, na hakuna atakayekasirika.

Wakati unasubiri, agiza supu. Kwenye bucha nyingi supu ya mifupa huja kwa kikombe, ina pilipili na dhania, na kwa baridi ya Kericho haina mpinzani. Mutura, utumbo uliojazwa nyama, nao huwa jikoni mara nyingi. Kumbuka una damu. Kama dini yako inaikataza, au hujui utumbo ulisafishwaje, pita.

Ukiwa Mwislamu, uliza aliyechinja ni nani kabla ya kugusa mizani. Katika miji ya Kericho na Bomet utapata bucha za Waislamu, lakini katika vituo vidogo njiani usidhani. Samaki au maharagwe ndiyo njia salama.

Mursik: namna ya kuionja bila woga wala ujeuri

Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, ambacho Wakipsigis hukiita sotet. Kibuyu huoshwa kwa ufito wa sosiot, kisha kuta zake za ndani husuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet au mwingine unaofaa. Makaa hayo ndiyo huipa rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Chembe nyeusi utakazoziona si uchafu. Mursik hii ndiyo wanariadha hupewa wakirudi na medali kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa hiyo ukipewa kikombe nyumbani au kibandani, umeheshimiwa.

Mwenyeji hula mursik pamoja na ugali, hasa ugali wa wimbi, na mboga chungu kama managu. Fanya hivyo hivyo. Ukiinywa peke yake mara ya kwanza, uchachu utakushinda na utaisingizia.

1. Uliza, "Maziwa yalichemshwa kabla ya kutiwa kibuyuni?" Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, ambao huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Mjamzito asinywe mursik ya maziwa mabichi kamwe.
2. Uliza ina siku ngapi. Ya siku chache ni laini. Ya wiki kadhaa ni kali na ni ya waliozoea.
3. Hakikisha kibuyu au chupa inatikiswa kabla ya kumiminwa, ili isije ikawa maji juu na mabonge chini.
4. Anza na nusu kikombe. Tumbo lisilozoea litakupa jibu kabla ya jioni.
5. Ukinunua ya kubeba, usiijaze chupa hadi mdomoni wala usiifunge kwa nguvu. Inaendelea kuchacha garini.

Watafiti wamepima mursik na kukuta kemikali ya asetaldehaidi, inayohusishwa na saratani. Wazee wameinywa maisha yao yote, utaambiwa, na ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba eneo la Bomet lina wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na hospitali ya Tenwek imewatibu kwa miaka mingi. Chanzo kimoja peke yake hakijathibitishwa. Ushauri wangu: kikombe kwa mlo ni starehe, lita kwa siku sikushauri.

Chai, na kwa nini uiache ipoe

Chai ya huku ni mchanganyiko wa watu: majani ya mashamba yaliyoanzishwa na Waingereza, mtindo wa Kihindi wa kuyachemsha pamoja na maziwa na sukari, na maziwa ya ng'ombe wa Mkipsigis.  Tumeuzoea mno hata tunauita chai tu.

Sasa hatari. Mwaka 2016, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni joto lenyewe, si majani. Chai ya thermosi kibandani hupita nyuzi hizo kwa mbali, na huku kuna watu wanaojivunia kuimeza ikiwa ya moto kabisa. Usishindane nao.

- Mimina kikombe, kiache wazi, agiza mandazi. Dakika tano au zaidi zinatosha.
- Ukilazimika kuvuta hewa mdomoni ili uimeze, bado ni ya moto mno.
- Mtoto asipewe ya moja kwa moja kutoka thermosi.

Kama hutaki sukari, sema kabla ya kumiminiwa, kwani vibanda vingine huitia sufuriani. Ukitaka chai isiyo na maziwa, agiza strungi. Kericho ndiko ilikozalishwa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, lakini usitarajie kuikuta kibandani. Itafute dukani ukitaka ya kubeba nyumbani.

Mlo wa bure wa Kericho

Usiyekula nyama una mahali ambapo si kibanda wala hoteli. Gurudwara la Kericho, la Masingasinga, hutoa langar, mlo wa mboga kwa yeyote bila kujali dini. Mji huu unaheshimiwa na Masingasinga wa mbali kwa sababu Baba Puran Singh, kiongozi wao wa kiroho, aliishi hapa kabla ya kuhamia Birmingham, Uingereza. Vua viatu, funika kichwa kwa kitambaa, nawa mikono, usiingie na sigara wala pombe, keti na wengine, na usiombe chakula usichoweza kukimaliza. Sadaka ni hiari. Kushika sufuria jikoni kunapokelewa vizuri kuliko noti.

KISANDUKU: kagua haya kabla ya kuketi

- Pana maji ya kunawa yanayotiririka, na sabuni?
- Chakula kinafuka moshi, au kimepoa tangu saa mbili?
- Anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati kwa mkono huo huo?
- Kachumbari imekatwa lini? Kama ipo beseni wazi, omba ukatiwe nyingine.
- Maji ya kunywa yamechemshwa, au ni ya chupa iliyofungwa?
- Cheti cha afya cha wanaoshika chakula kipo? Hufanywa upya kila baada ya miezi sita, na mwenye nacho huwa hakifichi.
- Kuna wenyeji wanaokula? Kibanda kilichojaa hupika upya. Kilicho kitupu hupasha moto.

Usihukumu kwa sakafu. Sakafu ya udongo yenye matope baada ya mvua haikudhuru. Kitambaa kimoja kinachofuta meza, sahani na mikono ndicho kitakachokulaza kitandani.

Kulipa

Karibu kila kibanda hupokea M-Pesa, lakini kuna namba ya Till, kuna Pochi la Biashara, na kuna namba ya simu ya mtu. Uliza ni ipi, kisha lisome jina linalotokea na mwenye hoteli alithibitishe kabla hujaweka namba ya siri. Usilipe kwa mpita njia anayedai ni mhudumu. Weka noti ndogo mfukoni, kwa sababu mtandao hukwama mvua ikipiga na chenji ya elfu moja haipatikani asubuhi.

Salamu ifanye kazi yake pia. "Chamgei" ukiingia na "kongoi" ukiondoka hufungua nyuso. Mpishi mwite mama, mchomaji mwenye umri mwite mzee, na ukiwa na lalamiko lipeleke kwao kwa sauti ya chini ukiwa bado mezani. Huko ndiko linakoweza kurekebishwa.

Ukiugua baadaye

Kuhara au kutapika kukianza, kunywa maji yenye ORS kidogo kidogo; pakiti zake huuzwa duka lolote la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona damu, ukipata homa kali, au ikiwa mgonjwa ni mtoto. Kericho kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Kapkatet kuna hospitali, na upande wa Bomet kuna Longisa na Tenwek. Mweleze daktari ulikula nini, wapi na saa ngapi, kisha toa habari hiyo hiyo kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, kwa sababu wateja wa kesho wa kibanda hicho bado hawajaketi.